Wasomaji Wanauliza: Jeane Kirkpatrick, mama aliyegawa madikteta mafungu mbili

Ndugu wasomaji, jambo yenu wote. Toleo iliyopita kijana mmoja aliniuliza juu ya nini Marekani walimubeba Mobutu, dikteta wa Zaire (Kongo ya leo), mgongoni miaka mingi vile na huku wanaimba demokrasia, nami nikamujibu kwa mistari michache tu, nikataja jina la mama mmoja profesere wa siasa, Jeane Kirkpatrick, aliyeandika makala ya kusema dikteta rafiki na dikteta komunisti haiko kitu moja. Basi barua zikamiminika, za Ibanda, za Kadutu, hata Bagira kule juu, mitaa yetu ya Bukavu. Leo nafasi yote ni yake, maswali ya mihogo na ya bei ya makaa yatangoja kidogo.

*Mama, jambo sana. Mi niko mwanafunzi wa siyansi ya siasa hapa Bukavu. Ule Kirkpatrick ulitaja, profesere wetu anasema alikuwaka Republikani, mwenzangu anasema hapana, alikuwaka Demokrate, na mi nilisoma fasi ingine eti alikuwaka sosialisti. Nani anasema kweli? Na alifikaka aje ku ONU (Umoja wa Mataifa)? — Mwanafunzi, Ibanda*

Mudogo wangu, hapa hakuna mwongo. Wote watatu wako na haki, ni miaka njo inapishana.

Alizaliwa tarehe 19 Novemba 1926 mu Duncan, mji mdogo wa Oklahoma, baba yake alikuwa mtu wa kutoboa udongo akitafuta petroli. Alipoenda kusoma Stephens College kule Missouri akaingia mu kikundi ya vijana wa chama ya Wasosialisti, njo hiyo ulisoma. Haikukaa sana. Akaenda New York, akamaliza Barnard mu 1948, akaendelea Columbia, na pale alifundishwa na Franz Neumann, Mjerumani aliyekimbia Hitler, na kwangu mi huyo mwalimu ni ufunguo, juu kutoka hapo kichwa ya Jeane ilishikwa na swali moja tu ambayo hakuiacha mpaka kufa: serikali inayotaka kushika kila kitu ya mtu, mpaka ndani ya roho yake, inazaliwa namna gani na inatofautiana na wezi wa kawaida wa utawala kwa nini. Akasoma mwaka moja Paris pia. Mu 1955 akaolewa na Evron Kirkpatrick, mzee kumupita, aliyefanyaka kazi ya ujasusi wakati wa vita ya pili ya dunia na baadaye akaongoza shirika kubwa ya wasomi wa siasa wa Marekani miaka mingi. Wakapata watoto watatu wanaume. Jeane akalea kwanza, doktora yake akaipata mu 1968, ameshapita miaka 40, juu ya chama ya Perón kule Argentina, na wakati huo alikuwa ameshaanza kufundisha Georgetown, inivasite ya Wajesuiti mu Washington. Mabinti wanaonisoma, mnaniuliza kila mara kama kusoma kunaisha mtu akizaa, basi muone.

Sasa chama. Yeye na bwana yake walikuwa Demokrate wa upande wa Hubert Humphrey, aliyekuwaka makamu wa prezida, ni kusema watu wa sendika (vyama vya wafanyakazi), watu wa kutaka serikali isaidie maskini, lakini kwa Urusi ya Soviet hawakulegeza hata kidogo. Mu 1972 Demokrate wakamusimamisha George McGovern, mtu wa kupinga vita ya Vietnam, Nixon akamupiga mu majimbo 49 kwa 50. Jeane na wenzake wakaona chama imeibiwa na vijana wanaoona haya ya inchi yao, wakaunda kikundi ya kurudisha chama mu njia ya zamani, Coalition for a Democratic Majority, iliyokuwa karibu na senatere Henry Jackson. Mu 1976 wengi wao wakaingia tena mu Committee on the Present Danger, ya kupiga kelele kwamba Soviet inajiandaa na Marekani imelala. Halafu mwisho ya miaka ile ya 1970 akapata kiti ku American Enterprise Institute, nyumba ya wasomi iliyoko karibu na Republikani na wafanyabiashara. Unaona anavyosogea, hatua kwa hatua, na kadi ya Demokrate ingali mu mfuko.

Mwezi wa Novemba 1979 gazeti Commentary, lililoongozwa na Norman Podhoretz, likatoa makala yake «Dictatorships and Double Standards». Richard Allen, mshauri wa Ronald Reagan, Republikani aliyekuwa anatafuta uprezida, akamupatia bwana wake aisome. Reagan akaisoma, akataka kumuona mwandishi. Mu 1981 Jeane akawa ambasadere wa Marekani ku Umoja wa Mataifa, mwanamke wa kwanza wa inchi yake kukaa mu ile kiti, na akikaa pia mu baraza ya mawaziri. Makala moja, mudogo wangu! Karatasi chache zilimutoa mu darasa zikamupandisha mpaka mbele ya dunia, na bado alikuwa Demokrate. Mu Agosti 1984 akasimama mbele ya mkutano mkuu ya Republikani mu Dallas, akawapiga Demokrate wenzake kwa maneno makali kwamba kila shida ya dunia wao wanaanza kulaumu Marekani kwanza, ukumbi yote ikalipuka kwa makofi, na kadi yake ingali ya Demokrate. Alibadilisha mu 1985 tu, akiisha kutoka ONU. Profesere wako anasema juu ya mwisho, mwenzako juu ya katikati, weye ulisoma mwanzo.

*Mama yetu, nakusalimia kwa heshima. Ile makala ilisemaka nini kabisa-kabisa? Na sisi Wazaire alituweka mu fungu gani? — Papa wa watoto saba, Kadutu*

Papa, asante kwa kuuliza hivi, juu hii njo swali yenyewe.

Makala imejengwa juu ya watu wawili walioanguka mu mwaka ile ile ya 1979, Shah wa Iran mu Januari na Somoza wa Nicaragua mu Julai. Wote walikuwa marafiki wa Washington. Jeane akamukasirikia Prezida Carter: rafiki yako nyumba inawaka moto, weye unamuambia apake rangi kwanza, afanye uchaguzi, aheshimu wapinzani, mwisho anaanguka na wanaoingia ni wabaya kumupita na tena ni maadui zako. (Ile mfano ya moto ni yangu, yeye aliandika kisomi.) Kisha akachora mstari wake. Upande moja kuna watawala wa mabavu wa namna ya zamani. Wanaiba, wanafunga wapinzani, wanaua hata, lakini maisha ya kila siku wanaiacha kama walivyoikuta: desturi, dini, fasi mtu anaishi, familia yake. Mtoto anazaliwa mu ile umaskini, anajifunza kuishi nayo, kwa hiyo watu wanavumilia. Upande wa pili kuna wakomunisti, wanaotaka kumubomoa mtu na kumujenga upya, njo maana watu wanakimbia kwa maelfu. Fungu ya kwanza, akasema, wakati mwingine inageuka demokrasia polepole, na akakumbusha kwamba Uingereza yenyewe ilitembea karne saba. Fungu ya pili, mpaka siku ile alipoandika, haikuwa imegeuka hata mara moja. Basi usifungie rafiki wa fungu ya kwanza mlango.

Mobutu, mu macho ya serikali ya Reagan, alikuwa rafiki. Alipokelewa White House mu Agosti 1983, akapokelewa tena mu Desemba 1986.

Papa, weye na mi tuliishi mu ile inchi. Sasa tuchukue kipimo cha huyu mama tukipeleke Zaire. Desturi na jina: mu Oktoba 1971 inchi ikawa Zaire, mto Zaire, pesa ilikuwa Zaire tangu 1967, na mu 1972 majina ya ubatizo yakakatazwa. Baba yangu alikuwa Joseph tangu kuzaliwa. Siku ile alirudi nyumbani na karatasi mpya mkononi, akakaa ku kiti nje mpaka giza, mama akamuita kula mara tatu, kwa jina la zamani, kwa sauti ya chini. Dini: Kardinali Malula alikataa, akalazimika kwenda Roma miezi, na mu 1974 serikali ikachukua mashule ya makanisa. Mavazi: kravate ikakatazwa, abacost, koti ya kuvaliwa bila kravate, ikaingia. Familia: chama MPR, iliyozaliwa tarehe 20 Mei 1967, ilihesabu kila Mzaire kuwa mwanamemba tangu kuzaliwa, hata mtoto angali tumboni walikuwa wanasema ni wa MPR. Asubuhi ku shule tulikuwaka tunaimba na kucheza kwanza kwa sifa ya Mwongozi, masomo baadaye. Salongo, ile kazi ya lazima ya bure, unaikumbuka.

Kwa hiyo vitu vyote alivyosema dikteta wa fungu ya kwanza haguse, wetu aligusa. Aliingia mpaka ku jina la ubatizo! Kama kipimo kingekuwa ni kweli namna serikali inaingia mu nyumba ya mtu, Zaire haingekaa mu fungu ya kwanza kirahisi namna ile. Naona, na nasema hii bila kuzunguka, kipimo kilichofanya kazi mu Washington kilikuwa kimoja tu: uko na sisi ao uko na Moscow. Mobutu alikuwa na Washington, Angola ilikuwa na Moscow, yakaisha. Mstari ilichorwa na msomi mu karatasi, lakini waliotembea juu yake walikuwa wanasiasa, na wanasiasa hawakuja kupima Kadutu.

Lakini sitaki kumufanyia kisasi mtu aliyekufa, nitasema pia fasi aliona mbali. Alionya kwamba kumuangusha mtawala haileti demokrasia yenyewe tu, inaweza kufungua kitu mbaya zaidi. Sisi wa Bukavu tulioona 1996 mpaka 1998, vita juu ya vita, hatuwezi kucheka ile onyo. Kila nikipita barabarani nasikia mzee moja anasema «afadhali Mobutu», na mimi siwezi kumukatalia kwa urahisi, ijapokuwa nakumbuka kiti ya baba. Na kuhusu fungu ya pili alikosea kabisa, kumbe ukuta wa Berlin ulianguka mu 1989 na Soviet yenyewe ikaisha mu 1991, Wakomunisti wengi wakaachia utawala bila vita kubwa. Hakuficha uso. Mu 1990 akatoa kitabu ambayo mu kichwa yake tu alikubali kwamba kuna mambo ya kushangaza yametokea. Wasomi wa kukubali hivyo ni wachache.

*Mama, mi ni mkatekisti. Nilisikia eti huyo mama alisemaka vibaya juu ya masista walouawa kule Amerika ya Kati. Ni kweli? — Mama Mkatekisti, Kadutu*

Ni kweli, mama, na hii njo fasi nashindwa kumusamehe.

Mu El Salvador, Askofu mkuu Óscar Romero alipigwa risasi akiwa anasoma misa, tarehe 24 Machi 1980. Tarehe 2 Desemba mwaka ile ile, askari wa ile serikali iliyokuwa rafiki ya Marekani wakakamata wanawake wanne Wamarekani, masista Ita Ford, Maura Clarke na Dorothy Kazel pamoja na Jean Donovan aliyekuwa mlei wa kujitolea, wakawafanyia ubaya na kuwaua, wakawatupa mu shimo. Walikuwa wanasaidia wakimbizi na maskini. Reagan alikuwa ameshachaguliwa, hajaingia bado, na Jeane alikuwa kati ya washauri wake. Gazeti moja ya Florida ikamuuliza. Akajibu kwamba wale masista hawakuwa masista tu, walikuwa pia wanaharakati wa kisiasa. Miili haijakaa mu udongo mwezi moja! Askari watano walihukumiwa mu 1984, kwa hiyo hata korti ya inchi ile ilikubali nani aliua.

Mtu anaweza kuniambia ni sentensi moja tu mu maisha ndefu. Mi naona ile sentensi ilitoka moja kwa moja mu makala yake: serikali ikishakuwa rafiki, basi anayekufa mikononi mwake lazima atafutiwe kosa.

Na sisi hapa, mama, tunajua ile neno inavyouma. Tarehe 29 Oktoba 1996, Askofu mkuu wetu Christophe Munzihirwa aliuawa hapa Nyawera, mu vita, alikuwa amebaki na watu wake, hakukimbia, aliandika barua na barua kuomba dunia isitusahau. Na mi kwa masikio yangu nilisikia watu, wasomi hata, wanasema «lakini naye alikuwa anafanya politiki». Kusema ukweli juu ya wanaokufa ni politiki? Kumupa mukimbizi maji ni politiki? Nikisoma maneno ya Kirkpatrick juu ya wale wanawake wanne nasikia ile sauti ile ile ya hapa mjini, na sijali ilisemwa na profesere wa Georgetown.

*Shikamoo mama. Mi nilikuwaka mufanyakazi wa serikali wakati wa Zaire. Nakumbuka redio ya 1983, ndege ya Korea Urusi iliangusha, na nakumbuka walisema Zaire ilipiga kura. Tulipigaka kura na nani? — Mzee, Bagira*

Marahaba mzee wangu, hapana, mi njo wa kukuamkia weye, shikamoo! Kumbukumbu yako iko sawa.

Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya kivita ya Soviet ilipiga ndege ya Korean Air Lines iliyopotea njia, watu 269 wakafa. Soviet mwanzo walikataa. Tarehe 6 Jeane akaingia mu Baraza la Usalama na televisheni, akawasikilizisha wajumbe sauti ya rubani mwenyewe, iliyonaswa kutoka Japani, maneno ya Kirusi na tafsiri inapita ku ekrani. Watu wote wakanyamaza. Ile siku njo kilele ya kazi yake ku ONU. Niongeze kitu ambayo watu wengi hawasemi: siku chache baadaye Washington yenyewe ilisahihisha tafsiri, kwamba rubani alikuwa amepiga risasi za mizinga kabla ya kombora, kitu ambayo Soviet walikuwa wanadai. Haiondoi damu ya wale 269, lakini inabadilisha kidogo picha ya siku ile.

Sasa kura, tarehe 12. Kupitisha azimio la kulaumu kuangushwa kwa ile ndege kulihitaji kura tisa. Zaire tulikuwa mu Baraza mwaka 1982 na 1983, kama mjumbe asiye wa kudumu. Waliokubali ni hawa: Marekani, Uingereza, Ufaransa, Uholanzi, Malta, Jordan, Pakistan, Togo, na Zaire. Hesabu, mzee: tisa kamili, bila moja ya ziada. Kama tungenyamaza, ingeanguka pale. Soviet na Poland wakakataa, na kura ya Soviet ni veto, kwa hiyo azimio ikafa, lakini Marekani ilipata kile ilitaka, Soviet kulazimika kuinua mkono mbele ya dunia yote. Zimbabwe haikupiga upande wowote, na mwisho wa mwaka ile Marekani ikaikatia sehemu ya msaada. Mwezi moja tu mbele ya kura, Mobutu alikuwa amekaa White House. Sisemi alinunuliwa pale, nasema tarehe tu. Lakini Jeane alikuwa mtu wa kuhesabu kura, aliamini inchi inayokula msaada wa Marekani na kupiga kura na adui lazima iulizwe, na tangu wakati wake Washington ilianza kuandika ripoti ya kila mwaka nani alipiga kura na nani. Sisi mu ile daftari tulikuwa na maksi nzuri.

*Neokonsevateri ni nini? Ni wale wa vita ya Irak? Na huyo mama aliikubalia? — Kijana wa Panzi*

Kwa kifupi, juu nafasi inaisha. Ni watu waliotoka upande wa kushoto, wasosialisti na Demokrate, wakahamia kuume, baba yao anaitwa Irving Kristol, na Podhoretz niliyemutaja. Jina lenyewe ilienezwa mu miaka ya 1970 na msosialisti Michael Harrington, hakuwa anawasifu. Kizazi ya pili njo ilisukuma sana vita ya Irak ya 2003, wakiamini demokrasia inaweza kupandwa na jeshi. Jeane alikuwa wao na hakuwa wao. Mu 1993 alishiriki kuanzisha kikundi Empower America pamoja na Jack Kemp na William Bennett, na mu Septemba 2001 jina lake iko ku barua ambayo William Kristol na wenzake walimuandikia Bush wakitaka Saddam aondolewe. Mu 2003 Bush akamutuma Geneva kuongoza ujumbe wa Marekani ku tume ya haki za binadamu. Lakini mtu aliyeandika kwamba Uingereza ilihitaji karne saba, angeamini aje kwamba Baghdad itahitaji miezi? Alikufa tarehe 7 Desemba 2006 nyumbani kwake Bethesda, Maryland, miaka 80. Mwaka iliyofuata kitabu yake ya mwisho, «Making War to Keep Peace», ikatoka, na mule mashaka yake juu ya Irak inasomeka wazi.

Mwanafunzi wa Ibanda, ukipata ile makala ya 1979 kwa Kifaransa uniletee nakala, mi niko na ya Kiingereza tu na papa wa Kadutu ameniomba aisome mwenyewe.